Barua ya wazi: Mti hai hauna nafasi kwenye fomu yenu

Kwa wahifadhi misitu wa wilaya, maofisa maliasili wa halmashauri, na wenyeviti wa vijiji vyenye misitu, mkoani Tabora.

YAH: KIBALI CHA KUHAMISHA MTI UKIWA HAI

Waheshimiwa, mwangaluka.

Mbele yangu kuna kreti ya mbao, na ndani ya kreti kuna mkuyu uliokufa. Shina lake ni nene kama paja la mtu mzima, lakini kimo chake hakinifiki kiunoni. Uliishi kwenye ufa wa jiwe la itale kwa miaka ambayo hakuna mtu wa kijiji kile anayeweza kuihesabu. Mzee mwenye machimbo aliukuta hivyo hivyo alipokuwa mtoto anachunga mbuzi. Kwenye jiwe ulivumilia kiangazi, moto na mbuzi. Kwenye veranda ya ofisi ulikaa siku tisa, ukafa.

Nawaeleza ilivyokuwa. Sitaji geti wala wilaya, maana sitaki kijana wa watu apate matatizo kwa kosa ambalo si lake.

Mimi nina kitalu kando ya barabara hapa Tabora mjini. Nauza miche ya miembe, michungwa, miti ya kivuli na maua, kama wengine wote. Ila nyuma ya kitalu, kwenye benchi nililolijenga kwa matofali, nina miti ya bonsai ishirini na kitu. Kwa asiyeijua, bonsai ni mti wa kawaida kabisa unaotunzwa kwenye chombo kifupi, ukapogolewa matawi na mizizi, ukakunjwa kwa waya, hadi unaonekana kama mti mzee wa porini ulioutazama kwa mbali. Sanaa hii ilianza China na ikakuzwa sana na Wajapani. Hakuna dawa ya kudumaza. Ni mkasi, maji na subira. Nasema hivi kwa sababu jirani yangu mmoja aliamini kwa miaka miwili kwamba kila mti pale nyuma ni mtoto wa mtu niliyemfunga asikue, na mteja mwingine aliwahi kuninong'oneza bei ya kumfungia mpinzani wake wa biashara. Nilimuuzia mche wa limau.

Sasa, bonsai ina njia mbili. Unaweza kuanza na mbegu au kikonyo, yaani kipande cha tawi cha kuotesha, ukasubiri. Au unaweza kwenda porini ukatafuta mti ambao shida imeshaufanyia kazi hiyo: umebanwa na jiwe, umeliwa na mbuzi, umeungua na kuchipua, umepindishwa na upepo. Mti wa namna hiyo Wajapani wana jina lake, yamadori, yaani uliochukuliwa mlimani. Miti hiyo ndiyo inayotafutwa kuliko yote, na hapo ndipo penye hatari. Nitaifikia.

Mzee wa machimbo alinipa ule mkuyu bure. "Chukua, kijana," aliniambia, ananiita kijana nami nina wajukuu wawili, "mwezi ujao napiga baruti hapo." Nikamwomba asubiri mwaka mzima, akakubali, Mungu ambariki. Mvua zilipoanza nilikata mizizi ya upande mmoja nikafukia na mboji. Miezi mitatu baadaye nikakata upande wa pili. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, baada ya mvua ya tatu, nikautoa na udongo wake, nikaufunga magunia mabichi, nikaupakia kwenye guta na barua ya mzee na muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Nilidhani nimekamilika.

Kwenye geti la maliasili yule kijana aliuzunguka mzigo mara mbili. Akaniuliza: ni gogo? Si gogo. Nguzo? Hapana. Fito? Kuni? Akafungua kitabu chake. Nikamwambia ni mche. Akacheka, nami nilicheka, maana kweli, mche gani una shina kama paja? Kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike barua hii: "Mzee wangu, ungekuwa mkaa ningekuandikia sasa hivi."

Hakuwa mkali. Hakuniomba kitu. Aliuzuia mzigo hadi mkubwa wake atoe maelekezo, na mkubwa wake alikuwa safarini. Nilirudi mara tatu kuumwagilia. Mara mbili nikamkuta mlinzi tu, akaniambia mzigo ulioshikiliwa hauguswi. Waliponiruhusu, magunia yalikuwa yamekauka kama ngozi ya ngoma. Siku hiyo hiyo nilipita machimboni. Ule ufa haupo tena. Mikuyu mingine mitatu iliyokuwa jirani nayo ilikuwa imekatwa na kupangwa juu ya tanuri, imefunikwa udongo, inafuka moshi.

Kwa hiyo, waheshimiwa, mti uliochomwa ulikuwa na safu kwenye kitabu. Mti uliookolewa haukuwa nayo.

Najua mtaniuliza kwa nini serikali ijishughulishe na hobi ya mtu mmoja mwenye benchi la matofali. Swali la haki. Jibu langu nalitoa mbali kidogo, kwa mti usioota hapa kwetu.

Mmoja wa miti inayopendwa sana na watu wa bonsai duniani ni mreteni. Hatuna mreteni Tabora. Ndugu yake wa Kiafrika, mtarakwa, yuko Kilimanjaro, Meru na Usambara, kwenye milima ya baridi. Sisi tuko mita 1,200 hivi na joto letu mnalijua. Mreteni ni mti wa familia ya misaipresi, ile miti ya Krismasi inayopandwa uani, yenye majani ya magamba madogo. (Waliosoma habari za Eliya wanaukumbuka mretemu aliokaa chini yake akiomba kufa. Biblia ya Kiingereza ya 1611 iliufanya kuwa mreteni. Ni mti mwingine kabisa, lakini nikiutazama mkuyu wangu namwelewa Eliya.) Mreteni wa mlimani unaweza kufa robo tatu ya shina lake, sehemu iliyokufa ikabaki nyeupe kama mfupa, na uhai ukaendelea kupanda kwenye ukanda mwembamba wa gome, upana wa vidole viwili. Ndiyo sababu ya uzuri wake. Mfu na mzima katika shina moja.

Huko Japani, kwenye majabali ya mlima Ishizuchi katika kisiwa cha Shikoku, na baadaye kwenye miamba ya Itoigawa, watu walijifunga kamba wakashuka genge kwa genge kuitafuta mireteni hiyo. Wengine walianguka wakafa. Bei zilikuwa kubwa, wachimbaji wakaongezeka, na katika muda wa maisha ya mtu mmoja miti ya kupata ikawa imekwisha kwenye miamba ile. Leo mireteni mingi ya Itoigawa inayouzwa imetokana na vikonyo vya ile michache iliyoshushwa zamani. Biashara haikufa. Kijiji cha bonsai cha Omiya, kilichoanzishwa mwaka 1925 na watunza bustani waliohama Tokyo baada ya tetemeko la 1923, bado kipo. Kilichokwisha ni miti ya mlimani.

Marekani nako kuna mireteni ya porini, kwenye milima ya Rocky na jangwa la California. Kule, katika misitu mingi ya umma, mtu anaweza kulipia kibali cha kuhamisha mti hai, akapewa lebo ya kufunga kwenye kila mti. Hifadhi za taifa haziguswi. Mchimbaji mwenye adabu hashiki sururu kwanza; anashika shina analitikisa. Udongo wote ukitikisika pamoja na shina, mizizi iko kwenye mfuko mfupi juu ya jiwe, mti unaweza kuhamishika. Udongo ukibaki umetulia, mzizi umezama ufani, anauacha. Anauacha hata kama ni mzuri kuliko yote aliyoiona maishani. Akiuchukua, anauweka kwenye sanduku la mawe mepesi ya volkeno, na mwaka au miwili haugusi kwa mkasi, kwa sababu nguvu ya mreteni iko kwenye majani yake.

Na mreteni una hila moja. Hufa kimya. Unaweza kuwa umeshakufa mizizini na majani yakabaki ya kijani wiki nyingi, hata miezi, mwenyewe anamwagilia maiti huku anawaonyesha wageni. Mkuyu wetu hauna unafiki huo. Ukikasirika leo, keshokutwa majani yako chini.

Nimeeleza haya ili mjue kwamba siombi mlango ufunguliwe. Naujua mlango huo unapoelekea. Afrika Kusini hapo, vimea vidogo vya jangwani vya jamii ya Conophytum, ambavyo mtu angevipita bila kuviona, vimeng'olewa porini kwa maelfu baada ya watu wa ng'ambo kuvipenda mtandaoni. Huo ni mmea unaotosha mfukoni. Kesho picha ya mkwaju mmoja wa kwenye jabali la Igunga ikisambaa na bei yake ikiandikwa chini, vijana wenye pikipiki watafika kabla ya ofisa wenu.

Na nisijifanye malaika. Miaka ya mwanzo, kabla sijajua kitu, niliingia kwenye pori la kijiji na jembe nikachimba miti ya miombo: mitundu saba na miti minne ya muba, yote yenye shina zuri la kukunjana. Nilichimba mwezi wa Juni kwa sababu ndipo nilipokuwa na nafasi. Yote kumi na moja ilikufa. Nililaumu udongo, nikalaumu maji ya bomba, hadi mama mmoja muuza uyoga aliponiuliza kwa nini nauchimba mtundu na kuuosha mizizi. Kwake ilikuwa wazi: uyoga anaookota kila masika unatoka chini ya mtundu na muba, hautoki chini ya kila mti. Baadaye nikaja kuelewa kwamba alikuwa na haki kisayansi pia. Mizizi ya miti hiyo inaishi kwa ubia na kuvu waliomo ardhini, kuvu wanauletea mti maji na virutubisho, mti unawalisha sukari. Nami niliuosha ubia wote kwenye karai.

Mninga ndio ulinifunza zaidi. Mninga mchanga porini hukauka juu kila kiangazi, ukachipua tena mvua ikija, miaka kadhaa mfululizo, huku chini unajenga mzizi. Kijiti unachokiona cha urefu wa mkono si mtoto. Kinaweza kuwa na umri wa kijana anayemaliza shule ya msingi, na kinangoja mwaka ambao moto utachelewa. Ukikichimba umeua miaka ile yote, na huna hata bonsai, kwa sababu mzizi wenyewe unashuka chini kama msumari.

Kwa hiyo mtundu, muba na mninga sitaki niruhusiwe kuigusa. Hata mkinipa. Mpingo vilevile, tena huo na jamii yake yote ya Dalbergia uko kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu mwaka 2017, na mninga uliingizwa pamoja na ndugu zake wa Afrika baada ya mkutano wa 2022. Kuuvusha mpaka bila hati ni kujitafutia jela. Inayokubali kuhamishwa, kwa mikono yangu na makosa yangu, ni mikuyu ya mwambani na mikwaju, na migunga kidogo kwa mbinde. Basi. Hiyo ndiyo miti ninayoizungumzia.

Na ninachoomba ni mahali palepale ambapo mti umeshahukumiwa. Tabora yetu sasa hivi inafumuliwa. Mkuza wa reli ya SGR unasafishwa, barabara zinapanuliwa, machimbo ya kokoto yanakula vilima kwa sababu reli na barabara zinataka kokoto, na huko Urambo na Kaliua mashamba mapya yanafunguliwa na mabani ya kukaushia tumbaku yanadai kuni zake kila msimu. Sipingi reli, nitaipanda siku ya kwanza wakinipa nafasi. Lakini buldoza likipita, hakuna anayetembea mbele yake kuangalia kuna nini. Nipeni mimi, na yeyote mwenye kitalu anayejua kazi, nafasi ya kutembea mbele ya buldoza. Kwenye eneo ambalo mmeshatoa ruhusa ya kufyeka, pawe na safu moja ya ziada kwenye kibali: mti hai wenye udongo wake. Idadi iandikwe, siyo uzito wala mita za ujazo, maana hapo ndipo kitabu cha yule kijana kilipogoma. Kila mti uwe na lebo yenye namba, na lebo ibaki kwenye mti hata ukiuzwa, ili siku mkiukuta mti mzee wenye kovu la sururu hauna namba mjue umetoka wapi.

Msimu nao uandikwe. Kibali kifanye kazi mvua zikishashika, Novemba hadi Januari, na kiangazi kisitolewe hata mtu akilia. Mtu aliyechimba Juni hajaokoa mti, ameupeleka kufia nyumbani kwake. Mimi ni shahidi na nina makaburi kumi na moja.

Tozo wekeni. Ila kijiji kipate fungu lake, kwa sababu Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwapa wanavijiji uwezo wa kuwa na misitu yao na kuisimamia, na mkuyu wa kwenye jiwe la kijiji si wangu wala si wenu peke yenu. Kabla ya kuchimba, wazee waulizwe. Kuna mikuyu ambayo watu hufanyia matambiko chini yake, na hiyo hata ikiwa katikati ya mkuza nisingeigusa bila kusikia wanasema nini. Nje ya maeneo yaliyohukumiwa, vilima vya mawe, vyanzo vya maji na misitu ya hifadhi vifungwe kabisa kwa watu wa kazi yangu. Wakinikuta huko nishitakiwe kama wengine.

Sharti moja zaidi nalijipendekezea mwenyewe, ingawa wenzangu wa vitalu wataninunia. Kila anayepewa mti mmoja alazimike kuotesha vikonyo kutoka kwenye mti huo. Mkuyu hauna shida, kata tawi la unene wa kidole gumba, lichomeke kwenye mchanga wa mto uliochanganywa na matofali yaliyopondwa, litachipua. Ndivyo walivyofanya Wajapani walipokuta miamba haina kitu, sisi tunaweza kuanza nayo bado imejaa. Tena si jambo geni huku kwetu magharibi: ile miembe iliyopo Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone, wageni huelezwa kwamba imetokana na mwembe ule wa mwaka 1871 waliokutania yeye na Stanley. Mti wenyewe ulishakufa. Watoto wake wanatia watu kivuli na kiingilio kinalipwa.

Kuhusu yule kijana wa geti, naomba apewe maelekezo ya mzigo wenye uhai. Mkishikilia mbao mwezi mzima, mbao zitabaki mbao. Mti uliofungwa magunia unahitaji ndoo mbili kwa siku na kivuli, hata kama mwenyewe ana kesi. Kama mnaona ni kazi ya ziada kwa mlinzi, mwenye mzigo aruhusiwe kuingia kumwagilia huku mkimtazama. Ningelala pale veranda kama ningeruhusiwa.

Nasikia wapo kati yenu mnaosema tuanze na jambo kubwa, mkaa, tumbaku, uvamizi wa hifadhi, halafu ndiyo tuje kwenye miti ya vyungu. Sawa. Lakini safu moja kwenye fomu haihitaji bajeti, na hao wanaofyeka kihalali leo hawatasubiri.

Mzee wa machimbo alinipigia juzi. Amepata oda ya kokoto na anahamia upande wa juu wa kilima. Ataanza kupasua baada ya Krismasi. Kule juu nimehesabu mikuyu minne na mkwaju mmoja uliolala juu ya jiwe kama mtu anayepumzika. Nimeitikisa yote. Mkuyu mmoja umezama ufani, huo hauhamishiki. Mitatu iliyobaki na mkwaju inahamishika. Sijakata mzizi wowote, kwa sababu safari hii sitaki kuanza kazi ambayo itaishia getini, na mwaka wa kuiandaa upande kwa upande sina tena. Nitalazimika kuitoa kwa mara moja na bonge kubwa la udongo, ikiwa nitaruhusiwa.

Kreti nne nimeshazipigilia misumari. Mvua za kwanza huwa zinafika hapa Novemba. Naomba jibu kabla ya hapo, hata likiwa hapana.

Wenu,
Mtunza kitalu, Tabora mjini